Kijana wa miaka 16, dola 60 kutoka Kanada, na akaunti ya PayPal yenye mwaka wa uongo

*“Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, tunaishi Umoja, Nairobi. Likizo iliyopita alijifunza kuchora nembo kwa kompyuta ya mjomba wake, na sasa kuna mtu wa Kanada aliyekubali kumlipa dola 60 amchoree nembo ya duka la keki. Anataka kulipa kwa PayPal. Jana usiku kijana alifungua akaunti akaandika amezaliwa 2003. Anasema wenzake wote wamefanya hivyo na hakuna aliyeulizwa. Pesa bado hazijatumwa. Mimi nina M-Pesa na akaunti ya benki, lakini PayPal sijawahi kuigusa. Nimwache, nimfungulie kwa jina langu, au nimwambie asahau mpaka apate kitambulisho? Na nikitumia laini yangu, si nitaibiwa?”*

Mama, bahati yako ni hayo maneno “pesa bado hazijatumwa”. Akaunti ikiwa tupu unaweza kuifunga leo jioni na mambo yakaisha. Dola 60 zikishaingia humo, mambo hayaishi upesi. Kwa hiyo mwambie amwombe mteja asubiri siku mbili tatu, aifunge ile akaunti, kisha ufungue yako wewe, kwa jina lako, na ankara ya mteja itoke kwako. Kazi ya kuchora haina haja ya kusimama.

Wenzake hawakudanganya waliposema hawakuulizwa. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, haimuulizi mtu kitambulisho siku anapojisajili. Inachukua jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya simu na barua pepe, inafungua mlango na kukukaribisha. Maswali huja baadaye, na mara nyingi huja pesa zinapotaka kutoka, au zinapofika kiasi fulani, au mfumo unapoona jambo lisilo la kawaida. Hapo ndipo unaombwa picha ya kitambulisho au pasipoti. Kijana wako hana kitambulisho, na kama ana pasipoti, ndani yake kuna mwaka wake halisi. Hana karatasi hata moja duniani inayosema 2003. Akaunti inawekewa vikwazo, na pesa zilizomo zinaweza kushikiliwa hadi siku 180. Hiyo ni miezi sita ya kutazama salio usiloweza kuligusa.

Wengi huuliza, je, si angoje tu afike 18 kisha atume kitambulisho? Haisaidii. Kitambulisho kitaonyesha mwaka mwingine na akaunti itaonyesha 2003, na tarehe ya kuzaliwa si kitu unachorekebisha mwenyewe kama picha ya wasifu.

Sasa, kwa nini 18? Vijana huona hii ni roho mbaya ya kampuni, na inafaa umweleze sababu, maana akiielewa hataitafutia njia ya panya. Chini ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010 mtu mzima ni aliyefikisha miaka 18. Aliye chini ya hapo hafungwi kisheria na mikataba mingi, ukiacha ile ya mahitaji ya lazima. Na akaunti ya malipo, usiione kama kibeti cha kuwekea pesa. Ni mkataba unaosema: malipo haya yakipingwa, mimi nitayarudisha. Kampuni haiwezi kumdai mtoto ahadi hiyo, kwa hivyo haimpokei. Juu ya hapo kuna sheria za kuzuia utakatishaji wa pesa. Hapa Kenya ni ile ya 2009, na nchi nyingine zina za kwao. Zinamlazimu kila anayehamisha pesa ajue mteja wake ni nani hasa.

Utamsikia akitaja video za vijana wa Marekani wenye miaka 14 na akaunti zao. Ni kweli, huko Venmo, programu ya malipo ambayo ni mali ya PayPal, ilianzisha mwaka 2023 akaunti za vijana wa miaka 13 hadi 17 zinazofunguliwa na wazazi. Lakini Venmo ni ya Marekani pekee. Video imesema ukweli, ila ukweli huo haufiki Umoja.

Nikae kidogo kwenye suala la malipo kupingwa, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, vijana kwa wazee. Sisi tumelelewa na M-Pesa. Tangu 2007 tumezoea kwamba ujumbe ukiingia, pesa ni yako, na aliyekosea nambari ndiye anayehangaika kutuma ujumbe kwa 456 akiomba irudishwe. Malipo ya kadi hayako hivyo. Yule mteja wa Kanada akibonyeza kulipa, pesa haisafiri kutoka kwake hadi kwako. PayPal inaiomba benki iliyotoa kadi yake, kupitia mtandao kama Visa, nayo benki inasema “sawa, nimeridhia”. PayPal inaandika kwenye daftari lake kwamba una dola 60. Huo ni mwandiko wa daftarini, na unaweza kufutwa. Mteja ana siku 180 tangu alipe za kufungua malalamiko ndani ya PayPal, kwamba hakupata alichonunua au alipata kitu tofauti. Na mwenye kadi anaweza kwenda moja kwa moja kwa benki yake akasema “hii kadi iliibwa, sikulipa mimi”. Benki ikikubaliana naye, dola 60 zinavutwa kurudi kwa njia ileile zilizojia.

Tuseme wakati huo kijana alishazitoa kwa M-Pesa na kununua viatu. PayPal haiwezi kuingia kwenye M-Pesa kuzifuata, kwa hivyo inaandika salio la hasi: unadaiwa dola 60, na mara nyingi ada ya usumbufu juu yake. Deni hilo liko kwa jina la nani? Kama ni akaunti ya 2003, liko kwa mtu asiyekuwepo, na kijana wako ndiye aliyemzua. Kama ni akaunti yako, ni lako wewe. Nakwambia haya wazi kwa sababu ushauri wangu ni utumie jina lako, na ni haki yako kujua unatia sahihi kwenye nini.

Basi tufunge ile ya kwanza. Kijana aingie kwa kivinjari, kwenye mipangilio ya akaunti, achague kufunga akaunti. Itakubali ikiwa haina salio, haina deni, haina malipo yanayosubiri na haijawekewa vikwazo. Ndiyo maana nasema leo. Akishafunga haifunguki tena, na hilo ndilo tunalotaka. Wewe ukifungua yako tumia barua pepe nyingine kabisa, mbichi, ili usirithi mambo ya jana.

Kufungua yako ni kazi ya dakika ishirini hivi. Andika paypal.com kwa mkono wako juu ya kivinjari, usibonyeze kiungo ulichotumiwa WhatsApp wala tangazo la kwanza kwenye Google. Chagua Kenya na akaunti ya mtu binafsi. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, na hapa tulia, kwani kosa hili ndilo linalorudisha watu nyuma kuliko mengine yote. Akina mama wengi kitambulisho chao kina jina la baba, kadi ya benki ina jina la mume, na laini ya simu ilisajiliwa na shemeji mwaka ule simu ilipopotea. Kompyuta haijui ndoa. Ikiona majina matatu tofauti inaona watu watatu. Piga *106# uone ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotumia haimo, nenda duka la Safaricom na kitambulisho mkononi, usajiliwe upya kabla ya kuanza. Kama jina la benki ndilo tofauti, tumia njia ya M-Pesa kutoa pesa, au urekebishe benki kwanza.

Ukishajisajili, thibitisha barua pepe, kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akijua nywila yako bado ahitaji namba inayokuja kwenye simu yako. Ukitaka kuunganisha kadi ya benki, iwe na shilingi mia tatu hivi. PayPal itakata takriban dola 2, na kwenye taarifa ya kadi, karibu na neno PayPal, kutakuwa na tarakimu nne. Ziandike kwenye akaunti na ile pesa inarudishwa. Usimsomee mtu yeyote tarakimu hizo kwa simu, hata akijiita afisa wa wapi.

Kijana atakutajia ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, GlobalPay, inayopatikana tangu 2022. Ni nzuri kwa kulipia vitu ng'ambo, na namba yake ya siri ya nyuma hubadilika na kuisha muda baada ya nusu saa, jambo linalowakatisha tamaa wezi. Lakini ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Haitamletea mapato.

Kutoa pesa, njia inayowafaa wengi ni ile ya PayPal na M-Pesa iliyoanza 2018. Anzia tovuti ya Safaricom ili usiangukie tovuti bandia, unganisha akaunti yako na nambari yako, halafu uchague dola ngapi zigeuzwe shilingi. Kuna pia njia ya Benki ya Equity kama una akaunti kwao. Akaunti ya PayPal haishiki shilingi ya Kenya, inashika dola na sarafu nyingine kubwa, kwa hiyo kuna kubadilisha fedha kila mara, na kiwango utakachopewa ni cha chini kuliko kile unachosikia kwenye taarifa ya habari.

Tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Mteja analipa dola 60. Tuchukulie ada ya kupokea ni asilimia 4 na senti 30: dola 2.70 zimekwenda, zimebaki 57.30. Sokoni dola ni shilingi 129, lakini ukitoa unapewa 125. Unapata shilingi 7,162. Kijana alikuwa amezidisha 60 kwa 129 na kuota 7,740. Tofauti ni karibu shilingi 580, na hakuna aliyemwibia. Angalia ada halisi ndani ya akaunti yako kabla ya kutoa, na mteja wa pili atajiwe bei iliyokwisha kuhesabu makato. Tena kutoa mara moja kila baada ya kazi tatu nne huenda kukawa nafuu kuliko kutoa vijipesa vidogo vidogo.

Na jambo dogo ambalo hugombanisha nyumba: kama laini yako ina deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio linapopungua, pesa za kijana zikiingia zitalilipa kwanza, bila kukuuliza. Lipa Fuliza kabla, au utamweleza mtoto kwamba nembo yake imelipia gesi ya mwezi jana.

Umeuliza kama utaibiwa. Kuunganisha PayPal na M-Pesa hakumpi mteja wa Kanada uwezo wa kugusa laini yako. Haoni PIN yako, na kwenye malipo ataona jina na barua pepe yako. Wizi hupita kwingine. Wa kwanza ni barua pepe ya uongo. Inakuja na rangi ya buluu na nembo ya PayPal, inasema umepokea dola 300 lakini “zimesimamishwa mpaka upanue akaunti yako”, utume dola 50 kwa fulani. Tazama anwani ya mtumaji, kile kilicho baada ya alama ya @. Mara nyingi ni gmail au jina refu la ajabu. Hata ikionekana safi, usibonyeze chochote. Fungua PayPal mwenyewe utazame salio. Kama malipo hayamo humo, hayapo popote.

Wa pili ni mteja anayelipa kupita kiasi. Mmepatana 60, ametuma 260, anaomba radhi kwa ustaarabu mwingi na kuomba umrudishie 200 kwa njia nyingine, labda kwa nambari ya M-Pesa ya “mjomba wake aliye Nairobi”. Zile 260 zimetoka kwenye kadi ya wizi. Zitapingwa zote, na zile 200 ulizotuma kwa mkono wako hazirudi. Ukikutana na hili, tumia kitufe cha kurudisha malipo ndani ya PayPal penyewe, urudishe yote, na kazi iishe.

Wa tatu unawalenga vijana hasa. Kwenye makundi ya Telegram na Facebook kuna watu wanaouza akaunti “zilizothibitishwa tayari”, na wengine wanaokodisha: nipokelee hizi dola, ukate asilimia kumi, nyingine nitumie. Anayekuuzia akaunti bado ana barua pepe ya kwanza na karatasi zilizoifungua, akitaka anaichukua siku ikiwa na pesa. Na anayekodi anatumia mtoto wako kama bomba la kupitishia pesa chafu. Polisi wakifuata nyayo, nyayo zinaishia kwa mwenye simu, hazifiki kwa mwenye Telegram.

Ukiniuliza kuhusu huyu mteja wa keki, sioni dalili mbaya katika uliyoeleza. Dola 60 kwa nembo ni bei ya kawaida, na hajaomba kitu cha ajabu. Hata hivyo wewe uwepo kwenye mazungumzo. Kijana amwandikie kwamba yeye ni mwanafunzi, kwamba malipo yanapokelewa na mama yake, na ankara itatoka kwa jina lako. Mteja wa kweli atasema sawa, pengine hata atafurahi. Anayekasirika kusikia kuna mzazi, mwachie aende zake. Utume ankara kupitia PayPal, uandike wazi: nembo moja, faili za aina gani, marekebisho mangapi. Alipe kama malipo ya kazi, asiyaite zawadi kwa rafiki hata akidai ataokoa ada. Mnaweza kuomba dola 30 kabla ya kuanza na 30 mwishoni. Kijana atume kwanza picha ndogo yenye maandishi yaliyopitishwa katikati, na faili kubwa aitume baada ya wewe kuona salio kwa macho yako. Mazungumzo, rasimu na tarehe ya kutuma faili viwekwe pamoja mahali pamoja. Malipo yakipingwa, huo ndio ushahidi utakaopeleka, na PayPal hutoa siku chache tu za kujibu.

Nywila ikae kwako. Masharti ya PayPal yanataka akaunti itumiwe na mwenyewe, kwa hiyo ankara tuma wewe, pesa toa wewe, hata kama kijana ameketi kando akikuonyesha pa kubonyeza. Kuwe na daftari la bei nafuu au faili la simu: tarehe, mteja, dola zilizoingia, shilingi zilizotoka, alizopewa. Mapato hayo kwa macho ya KRA, mamlaka ya kodi, yanaingia kwako, na siku ukiulizwa, au siku kijana akidhani umemlia pesa zake, daftari litajibu.

Pesa zikishafika kwenye M-Pesa yako unaweza kumpa mkononi, au umfungulie M-Pesa Go, ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambayo mzazi ndiye anayesajili na anaona inavyotumika. Inafaa pia akianza kupata wateja wa hapahapa, kama saluni ya mtaani inayotaka bango. Njia nyingine nizipitie haraka. Fiverr, soko la mtandaoni la kazi kama hizi, inakubali vijana kuanzia 13 kupitia akaunti ya mzazi au mlezi. Upwork, soko jingine la aina hiyo, na Payoneer, kampuni ya malipo, zinataka 18. Mapato ya YouTube yanahitaji akaunti ya mtu mzima ya AdSense, mfumo wa Google wa kulipia matangazo, na hailipi kabla ya kufika dola 100. Kutumiwa moja kwa moja benki kutoka Kanada kunawezekana, ila kwa dola 60 makato ya benki za njiani yatakula sehemu kubwa. Kampuni za kutuma pesa kwa jamaa hufika M-Pesa upesi, lakini nyingi zimeundwa kwa ndugu kutumiana, si kwa kulipia kazi, na mteja akilalamika hakuna wa kuwaamua.

Yako mambo ambayo maandishi hayatoshi, uende mwenyewe. Majina yakigongana kati ya laini na kitambulisho, duka la Safaricom. Kadi ikikatwa pesa usizozijua, nenda tawini siku hiyohiyo ukaombe kadi ifungwe na malipo yapingwe. Ujumbe wa kitapeli kwenye simu utume kwa 333. Kama kijana alishapokea pesa za mtu na kuzipitisha kwa mwingine, usifute chochote, usimlipe anayetisha. Chukua picha za skrini na muende pamoja kituo cha polisi au kwa DCI, idara ya upelelezi, ikiwezekana na wakili. Na kama “mteja” yeyote ataanza kumwomba picha zake binafsi au kumwambia asikuambie jambo, piga 116, laini ya kusaidia watoto, bila malipo.

Akifikisha 18, aende Huduma Centre, ile ya GPO au iliyo karibu nanyi, na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kitambulisho kikitoka, asajili laini kwa jina lake mwenyewe kwanza, ndipo afungue PayPal yake. Msimhamishie yako, wateja wake wa zamani atawapa tu barua pepe mpya ya kulipia.